Maoni Yetu: Wangapi, kati ya wangapi, wa umri gani?

Kila Februari 4, Siku ya Saratani Duniani, tunapewa idadi. Wagonjwa wameongezeka. Mkoa huu unaongoza. Kaunti ile imezidiwa. Idadi hizo husomwa majukwaani, huchapwa magazetini, husambazwa kwa simu, na kabla jua halijazama watu wameshampata mchawi: maji, dawa za mashambani, mgodi, vyakula vya siku hizi.

Huenda mchawi huyo ni wa kweli. Lakini idadi ya wagonjwa peke yake haiwezi kumtaja. Msimamo wetu ni kwamba takwimu yoyote ya saratani inayotangazwa kwa umma ijibu maswali matatu: ni wagonjwa wangapi kati ya watu wangapi, ni wa umri gani, na nani amewahesabu kwa njia gani. Takwimu isiyojibu maswali hayo isitumike kugawa fedha wala kutia watu hofu. Na serikali zetu zina wajibu wa kugharimia kazi itakayoyapatia majibu.

Chukua dai lililosikika Tanzania kwa miaka mingi, hadi bungeni, kwamba Kanda ya Ziwa inaongoza kwa saratani. Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni wingi wa watu wa kanda hiyo miongoni mwa wagonjwa wa hospitali kubwa. Sasa fungua matokeo ya sensa ya 2022. Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Shinyanga na Simiyu zina watu zaidi ya milioni 16.4, kati ya milioni 61.7 wa nchi nzima. Hiyo ni zaidi ya robo ya Watanzania. Hospitali ya taifa ikipata robo ya wagonjwa wake kutoka mikoa hiyo sita, hakuna lililothibitishwa kuhusu ziwa wala migodi. Kilichoonekana ni kwamba huko kuna watu wengi. Sehemu hiyo ikizidi robo kwa mbali, swali litakuwa na uzito, lakini hata hapo itabidi tuulize ni nani anayefika hospitali hiyo na nani anaishia njiani.

Hatusemi kanda hiyo haina tatizo. Wanaoishi jirani na machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki wana haki ya jibu la kisayansi. Tunachosema ni kwamba jibu hilo halitapatikana kwenye orodha ya waliolazwa.

Hesabu ya msingi si ngumu. Unachukua wagonjwa wapya waliogunduliwa katika eneo fulani ndani ya mwaka mmoja, unagawanya kwa idadi ya wakazi wa eneo hilo, kisha unazidisha kwa 100,000. Kwa mwaka 2020, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya 42,116. Wagawanye kwa watu wapatao milioni 53.8, utapata kama 78 kwa kila watu 100,000. Hicho huitwa kiwango ghafi. Kinamfaa waziri anayepanga vitanda, dawa na mashine za mionzi, kwa sababu kinampa mzigo halisi ulio mbele yake. Hakimfai anayetaka kuilinganisha Kenya na nchi nyingine.

Sababu ni umri. Saratani nyingi huwapata watu wazima na wazee, kwa kuwa hitilafu ndani ya seli za mwili hulimbikizana kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka huohuo Japan ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya kama milioni moja, yaani zaidi ya 800 kwa kila watu 100,000. Hiyo ni mara kumi ya Kenya. Je, Mjapani yuko hatarini mara kumi zaidi ya Mkenya? Hata kidogo. Japan, karibu watu 3 katika kila 10 wana miaka 65 au zaidi. Kenya, kwa sensa ya 2019, wenye umri huo hawafiki hata mmoja katika kila 20. Ukirekebisha hesabu ili nchi zote mbili zichukuliwe kuwa na mgawanyo mmoja wa umri, kiwango cha Japan kinashuka hadi chini ya 300, cha Kenya kinapanda, na pengo la mara kumi linabaki la takriban mara mbili. Na hilo linalobaki nalo si ugonjwa mtupu. Sehemu yake inatokana na kwamba Japan inawatafuta wagonjwa wake na kuwapata.

Marekebisho hayo hufanywaje? Tutumie mfano wa kubuni, wa wilaya mbili zenye watu milioni moja kila moja. Wilaya ya kwanza ina vijana wengi: watu 950,000 wako chini ya miaka 60, na 50,000 wana miaka 60 au zaidi. Ya pili ina wazee wengi: 800,000 kwa 200,000. Katika wilaya ya kwanza, saratani huwapata kila mwaka watu 50 katika kila 100,000 walio chini ya miaka 60, na wazee 800 katika kila wazee 100,000. Katika wilaya ya pili ni 40 na 700. Kwa maneno mengine, wilaya ya kwanza ina hali mbaya zaidi kwa vijana, na ina hali mbaya zaidi kwa wazee pia.

Lakini jumlisha. Wilaya ya kwanza inatoa wagonjwa 875, sawa na 87.5 kwa kila watu 100,000. Ya pili inatoa 1,720, sawa na 172. Anayesoma jumla peke yake ataipongeza wilaya iliyo hatarini zaidi na kuishtukia iliyo salama zaidi, tena kwa hesabu isiyo na kosa hata moja la kujumlisha.

Ndiyo maana wataalamu hupima kila nchi kwa umma mmoja wa mfano. Unaotumika zaidi ulitolewa na Mjapani Mitsuo Segi mwaka 1960, ukarekebishwa na Mwingereza Richard Doll na wenzake mwaka 1966. Una watu 100,000 waliogawanywa kwa rika. Walio chini ya miaka 15 ni 31,000. Wenye miaka 60 au zaidi ni 11,000. Kiwango halisi cha kila rika katika nchi husika hupewa uzito wa rika hilo katika umma wa mfano, kisha vyote vinajumlishwa. Pitisha wilaya zetu mbili humo: ya kwanza inapata 132.5, ya pili 112.6. Sasa wilaya yenye hatari kubwa ndiyo yenye tarakimu kubwa.

Msomaji ashike mambo mawili hapa. Kwanza, kiwango kilichorekebishwa kwa umri si hesabu ya watu unaoweza kwenda kuwaona wodini. Ni kipimo cha kulinganishia tu. Pili, umma wa mfano ukibadilika, tarakimu nazo hubadilika. Marekani hurekebisha takwimu zake kwa kutumia umri wa wananchi wake wa mwaka 2000, na kiwango chake huvuka 400 kwa kila watu 100,000. Nchi hiyohiyo ikipimwa kwa umma wa Segi na Doll hushuka chini ya 400. Anayechukua tarakimu ya Marekani kutoka ripoti moja na ya Uganda kutoka ripoti nyingine, bila kuangalia kila moja imerekebishwa kwa kipimo gani, hajalinganisha kitu.

Umri ukishawekwa sawa, linabaki swali la nani amehesabu. Hapa ndipo palipo na udhaifu wetu mkubwa, na ndipo panapohitaji fedha.

Hospitali huhesabu wanaoingia mlangoni mwake. Sajili ya saratani ya eneo huhesabu wakazi wa eneo zima, popote watakapotibiwa. Makarani wake hupita wodini, kwenye maabara za patholojia, kliniki za mionzi, hospitali za binafsi, hospisi na ofisi za kusajili vifo. Mgonjwa aliyetibiwa katika hospitali tatu huandikwa mara moja. Mgonjwa kutoka Turkana aliyelazwa Eldoret huandikwa kuwa ni wa Turkana. Ukiondoa kanuni hiyo ya makazi, kila mji wenye hospitali kubwa utaonekana kitovu cha saratani, na kila wilaya isiyo na daktari bingwa itaonekana salama.

Afrika Mashariki si mgeni katika kazi hii. Sajili ya Kampala ilianzishwa mwaka 1954 katika idara ya patholojia ya Makerere, ikihudumia Kyadondo, yaani jiji la Kampala na maeneo ya jirani. Kwa kuwa ilianza kuhesabu mapema, iliweza kuonyesha jinsi saratani ya Kaposi ilivyopanda pamoja na UKIMWI hadi ikawa ya kwanza kwa wanaume wa eneo hilo, na jinsi saratani ya tezi dume ilivyokuwa ikiongezeka tangu miaka ya 1990. Nairobi ina sajili yake, Eldoret ina yake, Kilimanjaro nako kazi hii imefanyika. Lakini maeneo hayo ni sehemu ndogo ya watu wetu. Kwingineko, tarakimu tunazozisoma kwenye ripoti za kimataifa ni makadirio, na nchi isiyo na sajili kabisa hukadiriwa kwa kuangalia majirani zake. Makadirio si uongo. Yana kazi yake na yanafanywa na watu makini. Ila waziri anayeyasoma kana kwamba kila mgonjwa amehesabiwa kwa jina anawapotosha wananchi.

Na upande wa pili wa mgawanyo huo, yaani idadi ya watu, nao una matatizo yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Daktari wa Bukavu au Lubumbashi anaweza kumwandika kila mgonjwa wake kwa uangalifu mkubwa, na bado asijue awagawanye kwa watu wangapi. Sensa ni kazi ya afya kama ilivyo kazi ya bajeti.

Kuna mtego mwingine ambao hata nchi tajiri zimenasa ndani yake: kadiri unavyotafuta ndivyo unavyopata. Korea Kusini ilianzisha mpango wa taifa wa uchunguzi wa saratani mwaka 1999. Tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, haikuwa kwenye mpango huo, lakini hospitali ziliongeza kipimo chake cha mawimbi ya sauti kwa ada ndogo. Kufikia 2011 kiwango cha saratani hiyo kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993. Vifo havikuongezeka wala kupungua. Vilivyokuwa vikigunduliwa kwa wingi ni vivimbe vidogo ambavyo visingemdhuru mtu maishani mwake, na watu wengi wakakatwa tezi wasiyohitaji kukatwa. Madaktari waliposema hayo hadharani mwaka 2014, upasuaji wa tezi hiyo ulishuka kwa theluthi moja hivi ndani ya mwaka.

Kwetu mambo huenda kinyume. Wengi huugua na kufa bila kipimo cha nyama kufanyika, na huzikwa bila daktari kuandika sababu ya kifo. Kwa hiyo mkoa ukipata mtaalamu wa patholojia na mashine mpya, wagonjwa wataongezeka kwenye vitabu mwaka huohuo. Hiyo ni habari njema na inapaswa kutangazwa hivyo: tumeanza kuwaona wagonjwa tuliokuwa tukiwapoteza. Kuiita mlipuko wa saratani ni kuwaadhibu waliofanya kazi vizuri.

Namna moja ya kuepuka mtego huo ni kuweka wagonjwa wapya na vifo pamoja. Makadirio ya mwaka 2022 yanatoa picha ambayo kila waziri wa afya angepaswa kuijua kwa kichwa. Katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa, mwanamke 1 katika kila 12 atagundulika na saratani ya matiti maishani mwake, na 1 katika kila 71 ataiaga dunia kwa sababu yake. Katika nchi zenye maendeleo duni, atakayegundulika ni 1 katika kila 27, na atakayekufa ni 1 katika kila 48. Soma safu ya kwanza peke yake, utaamini kwamba umaskini ni kinga. Soma ya pili, utaona wanawake wetu wanaugua kwa uchache zaidi lakini wanakufa kwa wingi zaidi, kwa kuchelewa kugunduliwa na kwa kukosa matibabu. Kiongozi anayejisifu kwamba kiwango chetu ni cha chini kuliko cha Ulaya aulizwe papo hapo kuhusu vifo.

Tahadhari moja zaidi ni kwa wanaolinganisha maeneo madogo. Kata yenye watu 5,000, kwa kiwango cha 100 kwa kila watu 100,000, itatarajiwa kuwa na wagonjwa 5 kwa mwaka. Mwaka mmoja inaweza kupata 2, mwingine 9, bila chochote kubadilika. Anayechukua mwaka wa 9 na kupiga yowe, na anayechukua mwaka wa 2 na kudai ushindi, wote wamekosea. Eneo dogo hupimwa kwa miaka kadhaa iliyounganishwa. Hii haina maana kwamba malalamiko ya wanakijiji yapuuzwe. Maana yake ni kwamba yachunguzwe hadi mwisho.

Wapo watakaosema: watu wanakufa kwa kukosa dawa, nanyi mnataka fedha ziende kwa makarani? Tunawaelewa, na tunajibu kwamba dawa bila hesabu hupelekwa gizani. Ulinganishaji uliofanywa vizuri umeokoa maisha. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, kisha mwaka 1961 akasafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali hadi hospitali wapi uvimbe huo upo na wapi haupo. Ulionekana nchi za chini zenye joto na mvua, ukakosekana nyanda za juu zenye baridi. Ulinganifu huo wa maeneo ulielekeza macho kwenye malaria, na sampuli kutoka Kampala zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake huko London kugundua, mwaka 1964, kirusi kinachohusishwa na saratani hiyo. Kwa njia hiyohiyo, Wajapani waliohamia Hawaii walionekana, kizazi hadi kizazi, wakipungukiwa na saratani ya tumbo na kuongezewa ya matiti na utumbo mpana. Asili yao ilikuwa ileile; kilichobadilika ni maisha. Na leo ni ulinganishaji unaotuambia kwamba saratani ya umio imezidi katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, hadi Malawi na kusini, huku Afrika Magharibi ikiwa nayo kwa uchache. Watafiti wanachunguza vinywaji vya moto sana, pombe na moshi wa jikoni kwa sababu sajili zilionyesha pa kuanzia.

Tazama pia saratani ya mlango wa kizazi. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya kirusi cha HPV mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni kila nchi ishuke chini ya wagonjwa wapya 4 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka, kwa kiwango kilichorekebishwa kwa umri. Makadirio ya 2020 yaliiweka Tanzania juu ya 60. Safari ni ndefu, na dalili ya kwanza ya mafanikio itaonekana kwa wanawake vijana waliochanjwa, kabla ya kuonekana kwenye jumla. Nchi isiyohesabu kwa rika haitaiona dalili hiyo, na haitajua kama chanjo imewafikia wasichana wa mashambani kama ilivyowafikia wa mjini.

Kwa hiyo tunataka mambo manne. Kwanza, kila serikali ya Afrika Mashariki iweke sajili za saratani kwenye bajeti yake ya kawaida, zenye makarani walioajiriwa na kulipwa, badala ya kuziacha zitegemee mradi wa utafiti unaokwisha baada ya miaka mitatu. Kenya ilishaitambua sajili ya aina hiyo katika sheria yake ya saratani ya mwaka 2012. Fedha zifuate sheria. Pili, kila hospitali, ya umma na ya binafsi, ilazimike kuandika umri, jinsia na makazi halisi ya mgonjwa, na kuipa sajili taarifa hizo huku siri ya mgonjwa ikilindwa. Tatu, kifo cha nyumbani kisajiliwe na sababu yake itafutwe, kwa kuwahoji wafiwa kwa utaratibu pale ambapo daktari hakuwapo. Nne, wizara zisitangaze tena kwamba mkoa au kaunti fulani inaongoza bila kutoa idadi ya wakazi, marekebisho ya umri na chanzo cha hesabu.

Hilo la mwisho halihitaji hata senti. Linaweza kuanza Februari ijayo, na waandishi wa habari wanaweza kulilazimisha kwa kuinua mkono na kuuliza: wangapi, kati ya wangapi, wa umri gani, na nani amehesabu? Ofisa asiye na jibu arudi akalitafute kabla hatujaichapa tarakimu yake.